Tope la majitaka: mbolea, sumu, na ushahidi wa nyungunyungu

Gari la kunyonya majitaka ni jambo la kila siku katika miji ya Afrika Mashariki, lakini ni wachache wanaojua shehena yake huishia wapi. Dar es Salaam, sehemu ya shehena hiyo humwagwa kwenye mabwawa ya Vingunguti. Nairobi, majitaka ya jiji huelekea kwenye mabwawa ya Dandora yaliyoko Ruai. Kampala, kituo cha Lubigi kilichofunguliwa mwaka 2014 huanika tope la vyooni mpaka likauke, na wakulima hulinunua ili kurutubisha mashamba yao. Hapo ndipo ubishi unapoanzia. Mmoja atakwambia kwamba tope hilo ni mbolea ya asili, na atakuonyesha mgomba ulionawiri kando ya choo cha shimo. Mwingine, aliyesikia kwamba jimbo la Maine nchini Marekani lilipiga marufuku mwaka 2022 kusambaza tope la majitaka mashambani, atakwambia kwamba ni sumu tupu. Kila mmoja ana ushahidi wake, na anayetaka kujua ukweli huambiwa asubiri majibu ya maabara, ambayo yakifika huwa ni jedwali la tarakimu lisilomwambia lolote.

Makala haya yanaeleza aina moja ya vipimo vya maabara, yaani vile vinavyofanywa kwa kutumia viumbe hai. Nimevichagua kwa sababu ndivyo vinavyoeleweka vibaya kuliko vyote: watu wakisikia kwamba nyungunyungu wamekufa ndani ya tope huogopa kupita kiasi, na wakisikia kwamba wamenenepa huridhika kupita kiasi.

Tuanze na maneno yenyewe. Majitaka ni maji yote yaliyokwisha kutumika yanayotoka vyooni, bafuni, jikoni na viwandani. Tope la majitaka ni kitu kizito kinachobaki baada ya maji hayo kusafishwa, au kinachotuama chini ya choo cha shimo na karo. Sumu kwa mazingira ni uwezo wa kitu kuwadhuru viumbe wanaoishi kwenye udongo na kwenye maji. Si swali lilelile na sumu kwa binadamu, ingawa maswali hayo mawili hukutana mara nyingi. Kipimo cha viumbe hai ni jaribio ambalo kiumbe mmoja au zaidi huwekwa kwenye kitu kinachochunguzwa, kwa viwango na muda maalumu, kisha hutazamwa kama anakufa, anakimbia, anadumaa au anashindwa kuzaa. Jambo moja zaidi la kuondoa utata: nyungunyungu wanaotajwa hapa ni wale wa udongoni wanaochimbuliwa kwa ajili ya chambo, wala hawana undugu na minyoo ya tumbo, ambayo nitaitaja baadaye kwa sababu nyingine.

Maji yanavyotakata, tope linavyolemewa

Mtambo wa kusafisha majitaka hauuangamizi uchafu wote. Sehemu kubwa ya kazi yake ni kuuhamisha. Chembe nzito hutuama, bakteria hula uchafu ulioyeyuka na kuongezeka, kisha bakteria hao nao hutuama pamoja na kila kilichowanata. Mbinu ya kuwafuga bakteria kwenye majitaka yanayopulizwa hewa ilielezwa Manchester, Uingereza, mwaka 1914, na hadi leo ndiyo inayotumika katika miji mingi mikubwa duniani. Mabwawa yetu hufanya kazi hiyohiyo polepole zaidi, kwa msaada wa jua na mwani. Metali kama risasi, kadimi, shaba na zinki hupenda kushikamana na chembe za uchafu kuliko kubaki ndani ya maji. Kwa hiyo kadiri maji yanavyotoka safi upande mmoja, ndivyo tope linavyobeba mzigo mkubwa upande wa pili.

Na mzigo huo si kinyesi peke yake. Hoja ya kwamba tope ni kitu cha asili ingekuwa na nguvu kama choo cha mjini kingepokea kinyesi tu. Choo hicho hupokea pia mabaki ya dawa zilizopita mwilini, sabuni, dawa za kuulia wadudu na rangi. Viwanda vya ngozi hutoa kromi, gereji hutoa mafuta machakavu, na pale mifereji ya mvua inapoungana na mabomba ya majitaka, hata mabati ya nyumba zetu huchangia zinki kidogokidogo kila mvua inyeshapo. Pamoja na hayo yote, tope lina nitrojeni, fosforasi na mboji, vitu ambavyo mkulima wa udongo uliochoka huvitafuta kwa gharama kubwa. Mji wa Milwaukee nchini Marekani umekuwa ukiuza tope lake lililokaushwa kama mbolea, kwa jina Milorganite, tangu mwaka 1926.

Kwa miaka mingi nchi tajiri zilikuwa na njia rahisi ya kukwepa swali hili: zilipakia tope merini na kwenda kulimwaga baharini. Marekani ilikomesha jambo hilo mwaka 1992, na nchi za Umoja wa Ulaya mwishoni mwa mwaka 1998. Tope lililokuwa likienda baharini likabaki nchi kavu, na ikabidi litafutiwe mahali: shambani, jaani au kwenye tanuri.

Orodha ya kemikali na mipaka yake

Njia ya kwanza ya kupima tope ni ile ya mkemia. Huchukua sampuli, huikausha, huyeyusha metali zake kwa tindikali kali, kisha husoma kiasi cha kila moja. Agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 1986 liliweka mipaka kwa njia hiyo: miligramu 20 hadi 40 za kadimi, 750 hadi 1,200 za risasi, na 2,500 hadi 4,000 za zinki kwa kila kilo ya tope kavu linalokwenda shambani. Kanuni ya Marekani ya mwaka 1993 iliruhusu kadimi hadi miligramu 85 kwa kilo kama kikomo cha juu kabisa. Uswisi kwa upande wake ilikataza tope lisitumike kwenye kilimo kuanzia mwaka 2006. Tofauti hizo hazina maana kwamba mmoja wao anadanganya. Kila nchi ilipima hatari kwa dhana zake kuhusu udongo, mazao, na miaka mingapi tope litaendelea kumwagwa mahali palepale.

Orodha ya mkemia ni ya lazima, wala sina nia ya kuibeza. Lakini ina upungufu wa aina tatu. Wa kwanza ni kwamba huonyesha tu kile kilichotafutwa. Ukiagiza metali saba utapewa metali saba, hata kama kinachodhuru ni dawa ya kuulia wadudu ambayo hakuna aliyeitaja. Wa pili ni kwamba inahesabu kitu chote kilichomo, wakati kiumbe hudhuriwa na sehemu ile tu inayoweza kumwingia mwilini. Mama mjamzito anayehudhuria kliniki analijua jambo hili kwa namna nyingine: huambiwa asinywe chai pamoja na mlo, kwa kuwa chai huzuia mwili kufyonza madini ya chuma, ingawa chuma kilichomo kwenye maharage hakikupungua hata chembe. Vivyo hivyo shaba iliyoshikwa barabara na mboji inaweza kuonekana nyingi kwenye karatasi na isimwathiri mdudu yeyote, na shaba hiyohiyo ikawa hatari udongo ukigeuka kuwa na tindikali zaidi. Upungufu wa tatu ni mchanganyiko. Mipaka huwekwa kwa kila kemikali peke yake, ilhali kiumbe hukutana nazo zote kwa pamoja, na kemikali mbili zilizo chini ya mpaka zinaweza kusaidiana katika kudhuru.

Mpishi aliyepewa orodha ya viungo vyote vya mchuzi, na uzito wa kila kimoja, bado huuonja kabla ya kuupakua. Kuonja hakumwambii ni gramu ngapi za chumvi zimo. Kunamwambia kama chumvi imezidi. Kipimo cha viumbe hai kinafanana na kuonja, isipokuwa kwamba anayeonja ni nyungunyungu, mbegu ya figili au bakteria.

Nyungunyungu anaulizwa nini hasa

Nyungunyungu hupumua kwa ngozi na hula udongo anaopita ndani yake, kwa hiyo kilichomo kwenye udongo humfikia kwa njia mbili kwa wakati mmoja. Anayetumiwa zaidi maabara ni mwekundu mdogo anayependa samadi na mboji, kwa jina la kitaalamu Eisenia fetida. Huzaliana haraka, hufugika ndani ya ndoo, na tabia zake zinajulikana vizuri. Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo, OECD, lilitoa utaratibu wa kumtumia mwaka 1984, na utaratibu huo ndio mzazi wa mingi iliyofuata.

Jaribio la kwanza na rahisi kuliko yote ni la kifo. Hutengenezwa udongo wa bandia ili maabara ya Nairobi na ya Berlin ziweze kulinganisha matokeo: asilimia 70 ni mchanga safi, asilimia 20 ni udongo mweupe wa kaolini, na asilimia 10 ni mboji ya vinamasi vya nchi za baridi, iitwayo piti. Tope huchanganywa na udongo huo kwa viwango vinavyopanda, kwa mfano asilimia 1, 3, 10 na 30, na kopo moja au zaidi huachwa bila tope kabisa. Makopo hayo yasiyo na tope ndiyo ya kulinganishia. Kila kopo hutiwa nyungunyungu 10 waliopevuka, ambao hutambulikana kwa mkanda mnene mwilini, wenye uzito wa miligramu 300 hadi 600 kila mmoja. Baada ya siku 14 huhesabiwa walio hai. Ikiwa zaidi ya asilimia 10 ya wale walioko kwenye udongo wa kulinganishia wamekufa, jaribio zima hutupwa, kwa sababu hapo ugonjwa uko kwenye maabara yenyewe, na tope haliwezi kushtakiwa.

Kifo, hata hivyo, ni dalili ya mwisho. Mfugaji hangoji mizoga ndipo ajue kwamba malisho yana shida. Kwanza huona maziwa yamepungua na mimba zinaharibika. Ndiyo maana jaribio la uzazi, ambalo utaratibu wake ulitolewa mwaka 2004, linathaminiwa zaidi ijapokuwa huchukua wiki nane. Nyungunyungu wakubwa huachwa kwenye udongo wenye tope kwa wiki nne, kisha huondolewa na kupimwa uzito. Vifuko vya mayai waliyoyataga hubaki kwa wiki nne nyingine mpaka vianguliwe. Siku ya kuhesabu, kopo huwekwa ndani ya maji yenye joto la nyuzi 50 hadi 60, na watoto, ambao ni wembamba kama uzi, hupanda juu ya udongo kulikimbia joto hilo na kuhesabiwa mmoja mmoja. Yapo matope ambayo hayamwui hata nyungunyungu mmoja mkubwa, lakini makopo yake yana watoto nusu tu ya wale wa makopo ya kulinganishia. Anayesoma ripoti ya siku 14 peke yake hawezi kulijua hilo.

Jaribio la tatu ndilo ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu linamuuliza mnyama mwenyewe. Chombo hugawanywa katikati kwa ubao. Upande mmoja hutiwa udongo wenye tope, upande wa pili udongo safi. Ubao huondolewa, na nyungunyungu 10 huwekwa juu ya mstari ulioachwa. Hawana macho, lakini ngozi yao ina vihisio vinavyotambua kemikali, nao hupewa saa 48 za kuchagua. Kisha ubao hurudishwa ghafla na kila upande huhesabiwa. Kwa utaratibu wa kimataifa, wakibaki chini ya asilimia 20 upande wenye tope, udongo huo huhesabiwa kuwa umepungukiwa na uwezo wa kuwa makazi. Ni lazima niongeze tahadhari hapa: nyungunyungu anaweza kukimbia chumvi, unyevu usiolingana au tindikali ambayo si sumu kwa maana tunayoihofia. Kukimbia ni dalili ya kuchunguzwa, wala si hukumu.

Mashahidi wengine

Mnyama mmoja hatoshi, kwa sababu kila kiumbe ana udhaifu wake. Dawa ya kuulia magugu inaweza kuiua miche na kumwacha nyungunyungu salama, na dawa ya kuulia wadudu ikafanya kinyume chake. Kwa hiyo maabara huchagua kikundi: mla udongo, mmea, na viumbe wa majini wanaowakilisha mto au kisima ambacho mvua itapeleka mabaki ya tope.

Kwa viumbe wa majini, kilo moja ya tope, likipimwa kwa uzito wake mkavu, hutikiswa pamoja na lita 10 za maji kwa saa 24, kisha maji hayo huchujwa na kuzimuliwa kwa viwango mbalimbali. Humo huwekwa dafnia, mdudu wa majini mdogo kama punje ya ulezi, aliyezaliwa ndani ya saa 24 zilizopita. Baada ya saa 48, asiyeogelea ndani ya sekunde 15 tangu chombo kitikiswe polepole huhesabiwa kuwa ameathirika. Kipimo cha haraka kuliko vyote hutumia bakteria wa baharini anayetoa mwanga, Aliivibrio fischeri, ambaye ndugu zake huishi ndani ya aina fulani za ngisi na kuwapa nuru usiku. Sumu inapovuruga uhai wake mwanga hufifia, na kifaa husoma kiasi cha kufifia huko baada ya dakika 30 au chini yake. Upungufu wake ni kwamba maji meusi ya tope yanaweza kuuficha mwanga huo bila sumu yoyote kuwapo, na fundi asiyeirekebisha rangi hiyo atatoa ripoti ya uongo bila kukusudia.

Mbegu za figili, saladi au tango ndizo za gharama ndogo kabisa: huhesabiwa zilizoota na hupimwa urefu wa mizizi, kwa maana mzizi hudumaa mapema kuliko mbegu kushindwa kuota.

Tarakimu inayosomwa kinyume

Matokeo mengi huandikwa kama kiwango kinachoathiri nusu ya viumbe. Ripoti ikisema kwamba kiwango hicho ni asilimia 10, maana yake ni kwamba udongo wenye tope asilimia 10 ulipunguza nusu ya uhai, uzazi au ukuaji uliokuwa ukipimwa. Watu wengi huisoma tarakimu hii kinyume, wakidhani kwamba kubwa ndiyo ya hatari. Fikiria pilipili: pilipili kichaa moja inatosha kuwasha sufuria zima, ilhali ya hoho utatia kilo nzima na watoto wakala. Inayohitajika kidogo ndiyo kali. Tope ambalo kiwango chake cha kuathiri nusu ni asilimia 2 ni kali mara tano kuliko lile la asilimia 10.

Lakini tarakimu hiyo haina maana mpaka ilinganishwe na matumizi halisi. Chukua hekta moja inayolimwa kwa kina cha sentimita 20. Huo ni udongo wa meta za ujazo 2,000, wenye uzito wa takriban tani 3,000. Mkulima akimwaga tani 10 za tope kavu na kulichanganya vizuri, tope litakuwa kama theluthi moja ya asilimia 1 ya udongo huo. Kiwango kinachoathiri nusu kikiwa asilimia 10, shamba hilo liko mara 30 chini yake, na hapo mtu anaweza kupumua, ingawa akirudia kila mwaka metali zitajilimbikiza kwa kuwa hazina pa kuyeyukia.

Sasa mchukue mama anayelima sukuma wiki kwenye gunia mjini, au kijana wa kitalu anayejaza viriba vya miche. Hawa huchanganya nusu kwa nusu. Tope lilelile, ambalo kwenye hekta lilikuwa theluthi ya asilimia moja, kwenye gunia ni asilimia 50, yaani mara tano ya kiwango kilichoathiri nusu ya nyungunyungu wa maabara. Kwa maoni yangu hili ndilo pengo kubwa zaidi katika maelezo wanayopewa wanunuzi wa tope lililokaushwa: huambiwa limepimwa na ni salama, bila kuambiwa ni salama kwa kipimo gani cha kuchanganyia.

Kifo kinachopotosha

Tope bichi karibu daima huua. Likiwekwa kwenye kopo la maabara wiki moja baada ya kutoka mtamboni, nyungunyungu watakufa na mbegu hazitaota, na habari hiyo ikifika kwenye simu za watu itaandikwa kwamba tope la mji fulani limejaa sumu. Mara nyingi muuaji ni amonia, ile inayochoma pua kwenye banda la kuku lisilosafishwa, akisaidiwa na chumvi nyingi na ukosefu wa hewa ya oksijeni ndani ya tope lililoshikamana. Amonia huwa kali zaidi pale ambapo hali ya tope si ya tindikali. Lakini haidumu: tope likianikwa, likageuzwageuzwa na kuachwa liive, amonia huruka au hubadilishwa na bakteria kuwa chakula cha mimea.

Wanaojua muhogo mchungu hawatashangaa. Muhogo huo ukiliwa mbichi ni hatari, lakini ukilowekwa, ukavundikwa na kuanikwa hugeuka kuwa unga wa ugali. Asingekuwa na haki anayeupima siku ya kung'olewa na kutangaza kwamba muhogo haufai kuliwa, wala asingekuwa na haki anayeupima baada ya kuanikwa na kusema kwamba haukuwahi kuwa na sumu. Kwa hiyo swali la kwanza kuhusu ripoti yoyote ya tope ni umri na matayarisho yake: lilichukuliwa lini, lilianikwa muda gani, lilihifadhiwa vipi kabla ya jaribio.

Zaidi ya kusubiri, wataalamu wana njia ya kumtafuta muuaji kama mpelelezi anavyowaondoa washukiwa mmoja baada ya mwingine. Maji ya tope hugawanywa katika vyombo. Kwenye cha kwanza hali ya tindikali hupunguzwa na hewa hupulizwa ili amonia iondoke. Kwenye cha pili hutiwa kemikali inayozifunga metali zisiweze kuingia mwilini mwa kiumbe. Cha tatu hupitishwa kwenye mkaa maalumu unaonasa mabaki ya dawa na mafuta. Kisha dafnia huwekwa katika vyombo vyote. Wakipona kwenye cha kwanza tu, amonia ndiyo yenye hatia na dawa yake ni muda. Wakipona kwenye cha pili, tatizo ni metali, na hapo hakuna kuanika kutakakosaidia. Ni lazima mtu arudi kwenye mabomba kutafuta kiwanda au karakana inayozitoa.

Uhai unaopotosha

Upande wa pili wa kosa hilo ni wa hatari zaidi, kwa sababu hufurahisha. Tope ni chakula. Kwa kiwango kidogo nyungunyungu hunenepa na kuzaa kuliko wale wa udongo wa kulinganishia, na figili hurefusha mizizi. Rutuba hiyo inaweza kuyafunika kabisa madhara madogo, kwa kuwa kinachoonekana ni jumla ya faida na hasara. Njia ya busara ni kuongeza kundi la pili la kulinganishia lenye samadi ya ng'ombe, ili tope lishindane na chakula kingine badala ya kushindana na njaa.

Hata pale uhai unapokuwa wa kweli, kuna mambo matatu ambayo nyungunyungu mnene hawezi kuyasema. La kwanza ni kadimi. Nyungunyungu huweza kuifunga ndani ya protini za mwili wake na kuendelea kuishi, hadi kiwango mwilini mwake kikazidi kile cha udongo unaomzunguka. Yeye haugui, lakini kuku wa kienyeji anayemdonoa hupokea mzigo huo. La pili ni vijidudu vya magonjwa. Mayai ya minyoo ya tumbo, hasa ya minyoo mikubwa ya mviringo, huweza kukaa udongoni kwa miaka, na hayamsumbui nyungunyungu hata kidogo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2006 unataka tope la kilimo lisizidi yai 1 la minyoo kwa kila gramu ya tope kavu, na hilo hupimwa kwa hadubini. Hakuna jaribio la sumu linaloweza kushika nafasi yake.

La tatu ndilo lililoifikisha Maine kwenye marufuku yake. Kemikali za kundi liitwalo PFAS, zilizotumika kwenye vikaango visivyogandisha chakula, nguo zisizopenya maji na povu la kuzimia moto, haziozi kwa urahisi. Hupita mtamboni, hukaa kwenye tope, kisha hupanda polepole hadi kwenye majani ya malisho, maziwa na visima. Mnamo Januari 2025 mamlaka ya mazingira ya Marekani, EPA, ilitoa rasimu ya tathmini iliyoonyesha kwamba tope lenye sehemu 1 tu katika bilioni ya aina mbili za kemikali hizo, yaani gramu 1 katika tani 1,000, linaweza kuleta hatari isiyokubalika kwa watu wanaoishi shambani na kula zaidi mazao ya hapohapo. Kwa kiwango hicho hakuna nyungunyungu atakayekufa, hakuna dafnia atakayezama, na mwanga wa bakteria hautafifia. Madhara yanayohitaji miaka ndani ya mwili wa binadamu hayaonekani kwenye kopo la siku 14.

Wengi hushangaa kusikia kwamba agizo la Ulaya la mwaka 1986 na kanuni ya Marekani ya mwaka 1993 hazidai kipimo chochote cha viumbe hai kabla ya tope kumwagwa shambani. Vipimo hivyo hutumika zaidi Ulaya katika kuamua kama taka fulani iitwe ya hatari kwa mazingira, na utaratibu wa kutayarisha sampuli za taka kwa ajili ya majaribio hayo uliwekwa kwenye kiwango cha Ulaya cha mwaka 2005. Nadhani kuviacha nje ya kanuni za tope ni kupoteza shahidi mzuri, hata kama si shahidi wa kila jambo.

Kuvihamishia huku kwetu kunataka uangalifu. Majaribio ya nyungunyungu hufanywa kwenye nyuzi 20 za joto, ilhali udongo wa Tanga au Mombasa hupita hapo kwa mbali mchana. Joto huharakisha kuoza kwa baadhi ya sumu, na pia huharakisha ulaji na upumuaji wa mnyama, kwa hiyo matokeo ya nyuzi 20 yanaweza kukosea upande wowote. Piti nayo hatuna. Kuiagiza kutoka Ulaya ili kutengeneza udongo wa bandia unaofanana na wa huko ni kupima mazingira ambayo hayapo kwetu. Watafiti wa Brazil walikutana na tatizo hilohilo wakaibadilisha piti kwa unga wa makumbi ya nazi, nao wamekuwa wakiwajaribu nyungunyungu wanaostahimili joto, akiwemo Eudrilus eugeniae ambaye asili yake ni Afrika Magharibi. Makumbi ya nazi kwenye pwani yetu hayahitaji kuagizwa.

Jaribio la saa 48 la kuchagua upande linahitaji chombo, ubao wa kugawia, nyungunyungu wenye afya, na mtu anayehesabu kwa uaminifu. Kituo kinachouza tope lililokaushwa kinaweza kulifanya kwa kila shehena, kwa kutumia udongo wa shamba litakalopelekwa na kwa kiwango kile ambacho mkulima atakichanganya, ikiwemo nusu kwa nusu ya gunia. Matokeo yake hayampi mkulima ruhusa ya kulitumia. Yanamwambia mwenye kituo kama shehena hiyo iende sasa kwa mkemia na kwa mpimaji wa mayai ya minyoo, au irudi kwenye vitanda vya kukaushia.